Jumapili Mlizonichumia Chai

Sabato njema, wapendwa. Mzee wa kanisa aliponiomba nisimame hapa alinisihi nisije na maswali yangu ya chuo kikuu. Nitajaribu. Lakini nawaambia mapema, ninalotaka kushuhudia linawahusu nyinyi, na mimi mwenyewe bado sijaacha kulishangaa.

Mwanzo wake wengi mnaujua. Nilirudi hapa Nyamira na digrii ambayo haikupata kazi, baba akiwa ameshafariki, nikachukua shamba lake la chai. Nikalipenda kuliko nilivyotarajia. Kisha siku moja tukiangusha mkaratusi nyuma ya nyumba, gogo liliteleza mteremkoni likanibana. Nilipozinduka hospitalini nilimwomba mama anikune kidole gumba cha mguu wa kulia. Mama akatazama shuka. Nami nikatazama. Mguu ulikuwa umeishia juu ya goti.

Nilidhani baada ya hapo hakuna kitu kingenishtua. Halafu Jumapili moja nikatoka nje kwa magongo, nikakuta shamba limejaa watu. Kina mama wa kanisa hili, vijana wa kwaya, kila mtu na kikapu mgongoni, mnachuma na kuimba. Nikasogea. Mama mmoja, yuko hapa na tayari anacheka, akaniambia, "Rudi ukae, mwanangu. Kazi yako leo ni kunywa uji."

"Nikae mpaka lini?"

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Mkacheka, nami nikacheka. Mkaja Jumapili iliyofuata, na nyingine. Ndugu zangu, nisikieni vizuri: mlinipenda, na mlikuwa mnanimaliza. Kila mlipoondoka shamba lilibaki safi, na mimi nilibaki mgeni ndani yake.

Baba mdogo naye aliniona mgeni. Akawaita wazee wa ukoo kwetu. Mimi nilikuwa chumbani, na ukuta wetu hauzuii neno. Nikasikia wakikubaliana kwamba chai yote akabidhiwe binamu yangu, mwana wa baba mdogo, awe ndiye mwenye shamba, na mimi "niwe nakula tu." Hakuna aliyebisha, wala aliyefungua mlango kuniuliza. Na walizungumza kwa huruma kabisa. Hiyo huruma ndiyo iliyonitia ganzi.

Kabla ya siku ya makabidhiano akaja mama mmoja, afisa wa huduma za wakulima wenye ulemavu. Nilikuwa nimeshawaona wageni wa namna hiyo: unapewa unga, unashikilia pakiti kifuani, unapigwa picha, wanaondoka. Nikamuuliza, "Picha unapiga sasa au baadaye?"

"Simu yangu haina chaji," akasema. "Nionyeshe unavyochuma."

"Sichumi."

"Kwa nini?"

"Si unauona mguu?"

"Nimeuona. Nimekuuliza kwa nini huchumi."

Nikamweleza kwa hasira, kama mtu anayemfundisha mtoto: magongo mawili yanashika mikono miwili, na chai inataka mikono miwili. Akasema, "Basi shida yako ni mikono."

Wapendwa, nikayatazama magongo yangu. Mimi ninayehoji kila kitu, swali hilo sikuwa nimewahi kujiuliza.

Tukampelekea seremala wa Kebirigo mchoro wa kiti kirefu cha mguu mmoja, kinachofungwa kiunoni kwa mkanda, ili niegemee nikiwa karibu kusimama na mikono iwe huru. Cha kwanza kilizama kwenye matope nikaangukia michai, mama yangu akacheka mpaka akakaa chini. Cha pili kikawekewa kitako kipana kama sahani. Lakini nafasi kati ya mistari ilikuwa finyu, kiti na magongo havikupita. Ilibidi mstari mmoja ung'olewe. Mama akachukua jembe.

Baba mdogo akaja mbio. "Mnang'oa chai aliyopanda kaka yangu?"

"Kaka yako alipanda ili mwanawe ale jasho lake," mama akajibu, bila kuinua kichwa. "Sogea, nisikukate mguu nawe."

Jumapili ya makabidhiano mlikuja na vikapu kama kawaida. Nikawakuta njiani nikawaambia mstari wangu msiuguse. Nakumbuka mlivyoweka vikapu chini. Mama yule wa uji akauliza, "Unatukataa?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nafanya kazi."

Baba mdogo alipofika na binamu, nilikuwa katikati ya shamba, kikapu kimefika nusu. Akaingiza mkono ndani akatafuta jani kubwa, jani gumu, chochote cha kunilaumu. Akakuta majani mawili na chipukizi, kama chai inavyotakiwa kuchumwa, juu mpaka chini. Akamgeukia binamu. "Sasa wewe unasemaje?"

Binamu akasema, "Baba, mimi chai sikuitaka. Nilitaka kufungua duka la kinyozi Ikonge."

Tulishtuka sote. Naye hakuwa ameulizwa. Baba mdogo akasema shamba libaki kwa mwenyewe, akaondoka.

Kubeba kikapu mpaka kituo cha kununulia chai bado siwezi. Hilo naliomba, na mnanibebea, asanteni. Namshukuru yule afisa, na seremala, na mama yangu na jembe lake. Mzee wa kanisa alitaka niseme ni Mungu aliyemtuma afisa. Inawezekana. Sijamaliza kulifikiria.

Ila nimesikia kwamba kesho mnakwenda ng'ambo ya mto kumlimia mahindi yule mama ambaye macho yake yamefifia. Nitakwenda nanyi. Ombi langu ni moja: kabla mtu hajainua jembe, tumwite nje tumuulize kama anataka tumlimie, au anataka tu mtu wa kumfungia kamba ya kumwongoza kwenye mstari, alime mwenyewe.