Mikuki Miwili na Kafi Moja

Kijiwe chetu cha Kasongo kiko mbele ya meza ya kahawa ya Mama Léocadie, na hapo hakuna asiyejua kila kitu. Jumamosi tunaondoa matanga ya chifu kule Lusangi, na desturi ni kusimuliwa utendi wa Kilonda, shujaa aliyevuka mto Lualaba kwa mtumbwi kumuua chatu. Miaka thelathini anausimulia Gaston, tunayemwita Tarumbeta. Safari hii wafiwa wamemtaka Léocadie, maana yeye anausimulia kwa mdomo wa mke wa shujaa. Msimulizi akiita, watu huitika “Eee!” kila mstari, wasipoitika, simulizi imekufa. Basi wanaume wa kijiweni wakaapa kutomwitikia. Nami niliapa, aibu yangu.

— Utendi iko na mwenyewe, akasema Tarumbeta. Kilonda alivuka muto, mukuki huku, mukuki huku! Bibi yake alibakia kupika sombe.

— Njo vile! akadakia Abdoul, tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu hajawahi kushinda kesi. Wanasema damu nzito kuliko maji. Njo maana muto ulimuogopa!

— Kuogopa tu? Ulipiga magoti!

— Mamba walimubeba na tipoyi kwa mabega, sawa chifu!

— Tena walimusalimia kwanza!

Léocadie aliendelea kumimina kahawa.

Pikipiki ikasimama. Pacifique, mwendesha pikipiki kutoka Kabambare, tope mpaka kwenye nyusi, akaomba kikombe, akasikiliza.

— Pardon, wazee. Mikuki mbili, mikono mbili. Sasa kafi alipiga nani?

Tarumbeta akamgeukia Avoka. Avoka akasema haraka haraka haina baraka, na hadi leo hatujui alimaanisha nini.

Léocadie akaweka birika chini, akauanza utendi.

— Mimi njo nilipiga kafi!

Hakuna aliyeitika.

— Mutoto mugongoni, maji inaingia, mimi njo nilipiga kafi!

Tukashika kiapo, nami nikauziba mdomo wangu kwa kikombe.

— Kilonda alitetemeka nyuma yangu, na sikumusemea kwa mutu!

— Eee!

Tuligeuka. Ni Tarumbeta! Miaka yote hiyo ya kusimulia, hakuwahi kupata nafasi ya kuitikia, na mdomo wake ulimtangulia. Basi tukaitika sote, benchi zima, Pacifique akipiga tangi la pikipiki kama ngoma. Nilifurahi mpaka nikajimwagia kahawa.

Léocadie akapiga funda la kahawa, apumue. Tarumbeta akamsogelea, macho yamemtoka.

— Na kisha, Mama Léo? Mulifika?