Sauti ya Mama Kabla ya Upasuaji

Ndugu zangu wa kikundi, asanteni kwa kunipa nafasi. Nitasema kwa ukali, maana hasira bado ninayo, na mbele yenu sitajifanya imeisha.

Wengi mnajua mama yangu aliugua koo. Daktari alituambia wazi kwamba ili apone lazima wamkate, na wakishamkata hatasema tena. Mama hakulia. Alitaka tu wajukuu wake, hata wasiozaliwa bado, waje wamsikie akiwasimulia kwa Kimatengo jinsi alivyokulia kijijini Ukata.

Nikampeleka studio ya mjini. Mwenye studio alimkalisha mbele ya maiki, yeye akaendelea na simu yake. Tuliposikiliza nyumbani ilikuwa mivumo mitupu, na mama yuko mbali kama anaongea ndani ya pipa. Tukarudi kulalamika. Mwenye studio akanijibu, mama akiwa palepale: "Mashine haina tatizo, dada. Sauti ya bibi ndiyo mbovu."

Ndugu zangu, nawaambia, niliona giza. Mtu anasubiri kukatwa koo, nawe unamwambia hivyo? Mama alinishika mkono tukatoka. Tangu hapo akagoma kuongea mbele ya kifaa chochote.

Nikanunua maiki ndogo ya kuchomeka kwenye simu, nikajirekodi mwenyewe kwanza, sebuleni. Mambo yaleyale. Nikisogea karibu, kila "p" inapasuka. Nikisogea mbali, mwangwi. Na mvua yetu juu ya bati mnaijua. Siku ya upasuaji inakaribia, mimi sina kitu. Nikaacha kuja hapa. Nilikuwa siwezi kuwasikia mkisema "mama kanipigia" bila kuumwa roho.

Mmoja wenu akanifuata. Simtaji, mwenyewe anajijua. Alisikiliza nilichorekodi, akaitazama ile sebule: saruji, bati, kuta tupu. Akasema taratibu, "Mimi tangu nifiwe, nikitaka kulia naingia ghalani, katikati ya magunia ya kahawa. Hata aliye mlangoni hanisikii. Mlete mama kule."

Tulikwenda mchana, jua likiwaka. Magunia yamepangwa pande zote. Tukatundika blanketi mlangoni. Nikaivika maiki soksi ya pamba, nikaiweka shibiri moja kutoka kinywani kwangu, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, nikasema maneno mawili matatu. Nikampa mama asikilize. Akasikiliza, akataka tena. Kisha akakaa sawa pale nilipokuwa nimekaa, akasema kwa lugha yetu: "Wajukuu zangu, huyu ni mimi. Sogeeni."

Akaongea mpaka akachoka. Hata anapomeza mate unasikia.

Walimkata, akapona. Sasa anaongea kwa mikono na macho. Juzijuzi mdogo wangu alijifungua kule Mbamba Bay. Mama alimpakata mtoto, akanionyesha simu kwa kidevu. Nikaifungulia ile sauti. Mtoto alitulia kimya, na mama alicheka mabega yakimtikisika, bila mlio wowote.

Namshukuru dada wa ghala, nawashukuru na ninyi mliokuja kukaa nasi hospitali. Yule wa studio sijamsamehe. Niombeeni, ila msiniharakishe. Na wenye wazazi, warekodini sasa wangali wazima. Sauti ikitoka vibaya, hangaikeni na chumba, hangaikeni na maiki. Mzee msimlaumu.