Waya wa Kuongea na Mkwe

Nilikuwa nyuma ya abiria wawili katika basi la Kericho, mwaka ule wa El Nino. Kimeli, daktari wa ng'ombe, alikuwa na helmeti mapajani, ingawa sisi sote tulipanda basi bila helmeti. Alimfunulia jirani yake kitabu cha bidhaa za pikipiki kutoka Uingereza.

"Hii waya inaingia kwa helmeti mbili, dereva na abiria wanaongea. Hii ingine pia inaunganisha helmeti, lakini abiria anasikia redio tu. Nichukue gani?"

"Unabeba nani?" akauliza jirani, Jerusa, karani wa kiwanda cha majani chai.

"Mama mkwe. Nampeleka kliniki." Akaeleza kwamba kwa heshima hawaongei njiani, wala hawatajani majina. Mwezi uliopita walisimama Kedowa kupisha ng'ombe, mama akashuka kufunga leso vizuri, naye Kimeli akaondoa pikipiki bila kujua. "Nilifika Chepseon peke yangu. Hakuniita, juu ya heshima. Sasa amekataa pikipiki kabisa. Ndiye yule wa kitambaa ya buluu, pale mbele."

"Chukua ya redio," Jerusa akasema. "Hata kwetu ziwani, sauti ya mkwe haiwezi kuingia ndani ya sikio ya mama hivyo."

"Na nikimwacha tena?"

"Si waya itakuvuta shingo?"

Nilitazama dirishani nisicheke.

Basi liliposimama Kericho, mama wa kitambaa aliinuka. Hakugeuka. Alimwambia konda, kwa sauti ya kututosha sote, "Mwambie mkwe wangu niliita. Nilitaja mpaka jina lake, mara tatu."