Jarida Limetaka Picha ya Benchi

Benchi letu liko kati ya kinyozi na fundi cherehani, mguu wake mmoja umekalia tofali, nami nauza kahawa mbele yake, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale naupata ukiwa bado moto. Siku hiyo Brashi, mchora mabango, alikuja na magongo yake na bahasha kwapani. Tangu aanguke kutoka kwenye ngazi, daktari kamwambia habari za kupanda juu azisahau. Sasa kuna jarida limemwambia alete mchoro mmoja wa mtaani na maelezo mafupi. Ukipendeza, atapewa ukurasa kila mwezi, kazi ya kukaa mezani. Mwisho wa kupokea ni saa kumi jioni ile ile. Alikuwa amechora benchi letu, sote tumo, hata birika langu, na mchoro ulishapigwa skani ukatiwa kwenye flashi. Alichokosa ni kompyuta, na kompyuta ni ya Wembe, kinyozi wetu, ambayo siku zote kazi yake ni kupiga muziki. Maskini Brashi alitaka kuazima kompyuta tu, lakini kwetu huazimwi kitu bila kupewa na ushauri.

WEMBE: Haya, soma masharti. Mi nabonyeza.

BRASHI: Picha itumwe kama ilivyo. Maandishi yawe faili lake peke yake, yasibandikwe juu ya picha. Mafaili yote yapewe jina la mchoraji. Basi, ambatisha, tuma.

MHURI: Ngoja kwanza! Haraka haraka haina baraka.

BRASHI: Mzee, saa tisa imeshapita.

Mhuri ni karani mstaafu. Alipiga mihuri maisha yake yote ya kazi, na mpaka leo hawezi kuona karatasi asiitafutie kosa.

MHURI: Mnajua kwa nini maandishi yanatengwa na picha? Watu wa picha na watu wa maandishi hawasalimiani. Nimekaa maofisini, nayajua.

MKASI: Wapi! Ni uzito huo. Mtandao ni kamba ya kuanikia nguo. Tundika koti na suruali pamoja uone kama hazijafika chini.

WEMBE: Nyie mmelala. Siku hizi mhariri hatazami kitu, kompyuta ndiyo inachagua. Kaniambia mteja wangu, shemeji yake anafagia ofisi ya gazeti.

MKASI: Inachaguaje?

WEMBE: Inaangalia watu waliojipanga. Ikiona kitambi, inatupa.

Mkasi, fundi wetu cherehani, ana kitambi cha kuheshimika. Akakiangalia kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaangalia chake mwenyewe.

MKASI: Basi nipunguze. Sentimita mbili kila upande. Haba na haba hujaza kibaba.

BRASHI: Kaka, bila hicho kitambi nani atajua ni wewe?

MKASI: Mdogo wangu, mimi nataka upate kazi!

Wembe akapunguza. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ana upara, na kinyozi mwenye upara kompyuta itamwona tapeli, akajiotesha nywele mpaka masikioni. Mhuri akadai tai.

BRASHI: Jamani, wamesema kama ilivyo!

MKASI: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

BRASHI: Mguu wenyewe haukunjiki!

Kweli haukunjiki. Alikuwa kaunyoosha juu ya kigoda mwisho wa benchi, na wenzake watatu walishaifunika kompyuta kwa migongo yao. Nilimhurumia, lakini na mimi nilikuwa nimeomba birika langu ling'arishwe kidogo.

MHURI: Sasa maelezo. Kaandika: "Hapa wanaume wazima hugombana kila siku, kwa kuogopa kukaa peke yao nyumbani." Huu ni umbea! Andika: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

WEMBE: Tayari. Na huku pembeni kuna magongo. Kompyuta ikiona mistari miwili imekatizana namna hii itadhani picha imeshapigwa kosa na mwalimu.

MHURI: Ondoa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

WEMBE: Nachonga pembeni tu, kama ndevu... Safi! Nahifadhi. Jina la faili?

MHURI: Jina la mtu mmoja halina uzito. Andika Kamati ya Benchi. Penye wengi hapaharibiki neno.

Wembe alikuwa ameshanyanyua kidole atume, mke wa Brashi akatokea, katoka kazini na aproni yake bado kiunoni. Tukampisha. Akainama mbele ya kompyuta, akaangalia watu wawili wembamba wenye nywele na mzee wa tai. Akasoma maelezo. Akasoma jina la faili. Halafu akamgeukia mumewe.

— Na wewe uko wapi humu?

Wembe akasogeza picha kushoto, akaisogeza kulia. Mkasi akajifuta jasho. Mhuri alifungua mdomo kabisa, lakini methali haikutoka.

— Hivi nani alisema kata pembeni? akauliza Mkasi kwa sauti ndogo.

— Rudisha ya mwanzo, akasema Brashi.

— Nimehifadhi juu yake, humo humo kwenye flashi, akasema Wembe. Ya mwanzo haipo.

Brashi hakutukana. Alitazama mguu wake tu, na mimi niliona aibu mpaka nikajifanya napuliza makaa. Kisha akautoa mchoro wenyewe wa karatasi kwenye bahasha. Duka la skani liko mwisho wa barabara, na saa kumi ilikuwa inabisha hodi. Kwa magongo asingefika.

Wembe akaingia mbele yake, akamgeuzia mgongo, akachuchumaa.

— Panda.

— Daktari kakataza kupanda.

— Panda bwana!

Wakaenda hivyo, Mkasi mbele akihema na kufukuza watu njiani, Mhuri nyuma na magongo mawili, flashi ikining'inia shingoni mwa Brashi. Mkewe hakuwafuata. Alikaa mbele ya kompyuta, akayaandika upya maelezo ya mumewe neno kwa neno, kwa kichwa. Kisha akafuta Kamati ya Benchi, akaandika jina la mumewe, na kuanza kuangalia barabara.