Bi Kazija na Presha Iliyotuchanganya

Baada ya kulitumikia jiko la hoteli yetu kwa miaka thelathini na moja, Bi Kazija Sheha anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei. Nimepewa mimi Munir, wa upande wa kuchoma, niandike wasifu huu, maana jikoni mwenye mwandiko wa kusomeka ni mimi tu. Wengine wanajijua.

Aliingia akikuna nazi, akapanda hadi mpishi mkuu. Hata hivyo mbuzi ya kukunia hakumwachia mtu. Alikuwa akitucheka: "Nyie nazi mnaikuna au mnaitekenya?"

Miaka minne nyuma mkono ulianza kutetemeka. Daktari akasema ni Parkinson. Hilo tulilizoea. Kilichotuvuruga ni kuanguka. Akiinuka tu kwenye mbuzi, macho kiza, chini! Mara ya kwanza nilimdaka mimi, na mikono hii si ya mchezo. Haroub wa stoo akatoa hukumu: presha imepanda. Kwetu mtu akianguka, presha imepanda, hakuna kesi nyengine. Bi Kazija akanyimwa chumvi, akawa anakula wali kama wa mgonjwa wa hospitali. Akazidi kuanguka. Meneja akataka kumpumzisha mapema, mwenyewe akakataa katakata: "Siku yangu haijafika. Sitoki hapa nimebebwa."

Muuguzi Wanu alikuja kumpima. Kakaa, presha sawa. Kasimama, imeporomoka. Tukatazamana. Mtu mmoja, presha mbili? Wanu akaeleza kuwa maradhi yale hayaishii mkononi, yanagusa mpaka mishipa ya fahamu inayouongoza moyo na mishipa ya damu. Mtu akisimama, mishipa ya damu hujibana upesi damu ifike kichwani, yake inachelewa. Nikatikisa kichwa kama msomi. Mpaka leo nimeelewa nusu, na hiyo nusu pia inateleza.

Daktari wake akaamuru anywe maji kwa wingi, chumvi irudi, na ainuke taratibu. Haroub mwenyewe akaileta chumvi kutoka stoo, bila hukumu yoyote. Tangu hapo Bi Kazija akitaka kuinuka, anachezesha miguu kwanza, anashika meza, anatulia, na jiko zima linangoja. Mchuzi ukiungua, na uungue. Hajaanguka tena.

Desturi yetu mstaafu husimama kupokea mikono ya kwaheri. Ijumaa yeye atakaa, sisi ndio tutampitia. Bi Kazija, ahsante kwa kila sahani. Mungu akupe afya na raha nyumbani kwako Mangapwani. Tukishamaliza atainuka mwenyewe, kwa muda autakao, aende mlangoni. Na mtu asithubutu kumshika.