Mawingu Asiyotaka Kuyapunguza

Mshonaji aliyeketi nyuma ya abiria wawili kwenye treni alitega sikio, maana umbea haulipiwi nauli. Mama mmoja alikuwa akimweleza fundi wa kompyuta kwamba mchezo wake wa kompyuta wa kurusha ndege unakwamakwama kila akikaribia mlima.

"Punguza vivuli na mawingu, mama. Mashine inaelemewa."

"Vivuli nitapunguza. Mawingu, hapana."

"Kwani si mchezo tu?"

"Kitindamimba wangu alikuwa rubani. Alianguka kwenye mlima huo huo, siku ya mawingu kama hayo. Nataka nione alichokiona."

Mshonaji akajiziba mdomo. Fundi alikodoa macho.

"Mama, usiende huko."

"Nimekuuliza habari za mashine, mwanangu."

Treni ikasimama, mama akashuka. Kituo kilikuwa cha fundi pia, lakini hakuinuka.