Mama Tena Anastaafu, Tupumue

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatoa watu jasho, mkufunzi wetu wa uuguzi wa vitendo anastaafu. Chuo kimeahidi kuhuzunika. Wanafunzi wa mwaka wa pili wameahidi kujitahidi.

Alianza na cheti, akiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji. Akasomea stashahada huku analea mtoto, kisha shahada ya ualimu wa uuguzi, na hapo ndipo balaa letu lilipoanza. Wanafunzi walimbatiza Mama Tena, maana ukitandika kitanda vibaya alisema tena. Ukitandika vizuri, pia tena, ajue hukubahatisha.

Vijana wanaotafuta kazi za afya walipotembelea chuo, sisi wengine tuliwapa habari tamu za ufamasia, maabara na ukunga. Yeye aliwapeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya haja vya wagonjwa. Waliovutiwa na koti jeupe walikumbuka ghafla kwamba wana wito wa uhasibu. Tunamshukuru, alitupunguzia foleni.

Katika mtihani wa vitendo alikuwa na sharti moja: kabla ya kumchoma mgonjwa sindano, muulize jina, hata kama umemhudumia mwezi mzima. Mwaka ambao binti yake wa pekee alifanya mtihani huo, aliyejitolea kuwa mgonjwa alikuwa mjomba, kaka yake Mama Tena wa tumbo moja. Binti akanawa mikono, akapima dawa sawasawa, akachoma bila mjomba kukunja uso. Jina hakuuliza. Amuulize mjomba wake jina? Akafelishwa, akarudia mwaka. Mjomba alikuja ofisini kuapa kwamba yeye ndiye yeye. Akapewa kiti, akapewa maji, akasindikizwa hadi getini.

Binti alihamia kwa mjomba. Alifaulu, akaajiriwa wodi ya watoto hapa hapa, na kwa miaka sita mama na mwana wamepishana koridoni kwa shikamoo Mwalimu, marahaba, basi. Mama Tena hakujuta, kwa mdomo. Ila kila mchana alipita ofisini kwangu kuuliza, eti kwa kupitisha muda tu, kama yule muuguzi wa watoto amekula. Iliniuma. Nilimwambia akamuulize mwenyewe, akanijibu ana kazi za kusahihisha.

Mwezi uliopita binti alipata nafasi ya kusomea ualimu wa uuguzi. Wakufunzi tupo wengi, wapole, tunaogawa alama kwa moyo mkunjufu. Akatupita wote, akagonga mlango wa mama yake, akamwomba amfundishe kufundisha. Akaomba pia arudi nyumbani, kwenye chumba chake cha zamani. Mama Tena alimjibu kwamba atalifikiria. Kisha akaja kwangu, akafunga mlango, akalia mpaka leso yangu ikalowa, na jioni hiyo hiyo akaenda kununua godoro.

Asante, dada, kwa wauguzi uliotuachia. Tunakutakia mapumziko mema, ingawa kwa mwanafunzi uliyempata sasa, hatuoni utapumzika lini.